Rangi ya Farasi Ina Bei Yake: Niliyoyaona Nikiwa Saisi, Kisha Dalali

Mnunuzi akipiga simu kuulizia farasi, swali lake la kwanza ni rangi. Umri unafuata, miguu baadaye, na tabia mara nyingi haiulizwi mpaka siku ya kuja kumpanda. Nimeishi na farasi tangu ujana wangu. Nilianza nikiwa saisi, kazi yangu kuwasugua, kuwalisha na kusafisha mabanda, kisha nikawa dalali wa kuwatafutia watu farasi wa kununua. Katika kazi zote mbili nimeyasikia maswali hayo kwa mpangilio huohuo, na sioni ubaya wake. Mtu atamwangalia mnyama huyo kila asubuhi, pengine kwa miaka 20, basi ana haki ya kutaka apendeze machoni pake.

Wazee husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na wapanda farasi wengi wakongwe huitoa methali hiyo kila wakimwona farasi wa kung'aa. Mimi naiona kali mno. Rangi ya farasi haikupakwa juu. Imetoka ndani, kwenye damu ya baba na mama, na ndiyo maana inaweza kukueleza mengi kuhusu ngozi yake, macho yake, masikio yake na watoto atakaozaa. Kinachonisikitisha ni mnunuzi kulipia kile kinachoonekana na kuondoka bila kuuliza yale mengine yaliyokuja nacho.

Niliwahi kuwatunza ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, waliopishana mwaka. Mkubwa alikuwa wa kahawia, singa za shingoni nyeusi, mkia mweusi, bila unywele mweupe popote mwilini. Mdogo alikuwa mwekundu wa shaba, mlia mpana mweupe ukishuka kutoka kwenye paji hadi puani, na soksi nyeupe miguu yote minne. Kwa mgongo, kwa mabega na kwa moyo wa kazi, yule wa kahawia alimzidi mdogo wake. Kila saisi pale bandani alilijua hilo, kwa sababu ndiye aliyetulia akitiwa lijamu na ndiye aliyepanda mlima bila kusukumwa. Walipotangazwa kuuzwa, simu karibu zote zilimuulizia yule mwekundu. Aliondoka upesi, kwa bei ambayo mwenyewe hakuitarajia. Wa kahawia akabaki, bei ikashushwa, akaendelea kubaki. Aliyemchukua mwishowe alikuwa mwalimu wa shule ya kupanda farasi. Alifika, akainua miguu mmoja baada ya mwingine, akabonyeza kano kwa kidole gumba kuanzia gotini kushuka chini, akatazama meno, akampanda, akalipa. Sikumsikia akitaja rangi hata mara moja. Alipata farasi bora kwa fedha ndogo, na mpaka leo mteja asiye na fedha nyingi nikimpeleka kutazama farasi, namwelekeza kwanza kwa wale wa kahawia wasio na alama. Huko soko huacha mali njiani bila kuiokota.

Weupe wa miguuni unauza kwa sababu ya jinsi jicho linavyofuata kinachong'aa. Farasi akienda telki, mwendo ulio kati ya kutembea na kukimbia, soksi nyeupe zikipanda na kushuka juu ya ardhi yenye rangi ya giza, hatua huonekana ndefu na ya juu kuliko ilivyo. Hilo humsaidia katika mashindano ambayo majaji hutoa alama kwa uzuri wa mwendo, na muuzaji anayeijua kazi yake huziosha soksi hizo kwa sabuni asubuhi na mapema, azikaushe, azichane, na asimruhusu farasi akanyage matope mpaka mnunuzi afike. Sioni udanganyifu hapo. Lakini weupe huohuo unaweza kumponza mnyama. Soksi moja ikiishia kwenye kifundo na nyingine ikipanda hadi karibu na goti, jicho huona mguu mmoja ukinyanyuka zaidi ya mwenzake, na mtazamaji huapa kwamba farasi anachechemea. Nimeona mnunuzi akimwacha farasi mzima kabisa kwa sababu hiyo. Nimeona pia kinyume chake, farasi mwenye miguu myeusi tupu anayechechemea kidogo na hakuna aliyegundua, kwa kuwa hapakuwa na kitu cheupe cha kulishika jicho.

Njia yangu ni kuanza kwa kufumba macho. Naomba farasi aendeshwe telki kwenye ardhi ngumu, kwenda na kurudi, nami nasikiliza kwato. Telki ni mwendo wa vishindo viwili vilivyo sawa. Kishindo kimoja kikiwa kizito kuliko kingine, au nafasi kati yao ikiwa hailingani, kuna mguu unaohurumiwa. Hapo nafumbua macho na kutazama kichwa. Farasi mwenye maumivu ya mguu wa mbele huinua kichwa mguu ule mbovu unapogusa chini. Kwa maumivu ya nyuma natazama nyonga. Soksi naziacha kabisa mpaka mwisho.

Uso nao una mambo yake. Nyota katikati ya paji, au mlia ulionyooka, humfanya farasi aonekane ana kichwa kizuri hata kama ni kizito kidogo. Mlia uliopinda, unaokimbilia pua moja na kuiacha nyingine, hufanya kichwa kizima kionekane kimepinda, na wapiga picha wa matangazo wanalijua hilo. Ukiona picha zote za farasi zimepigwa kutoka upande mmoja tu, omba ya upande wa pili. Mara nyingi hutakuta lolote la kutisha. Ni alama iliyopinda tu, na unaweza kupunguziwa bei kwa kitu kisichomsumbua farasi hata kidogo.

Waingereza wana maneno ya zamani ya wanunuzi wa farasi yanayohesabu miguu myeupe: mmoja, mnunue, miwili, mjaribu, mitatu, mkague vizuri, minne, achana naye. Yanasimuliwa kwa namna nyingi, lakini chini yake ipo imani moja, kwamba ukwato mweupe ni laini kuliko mweusi. Nimeshika kwato nyingi za rangi zote mbili, na waliopima ugumu wake kwa vyombo hawakukuta kwamba rangi ndiyo inayoamua. Kinacholegeza ukwato ni lishe duni, unyevu unaokuja na kuondoka, na fundi asiyejua kukata. Secretariat, farasi wa mbio aliyeshinda mataji matatu makuu ya Marekani mwaka 1973 na kuwaacha wenzake kwa urefu wa farasi 31 kwenye mbio za Belmont, alikuwa mwekundu mwenye soksi nyeupe tatu. California Chrome, mshindi wa mbio za Kentucky Derby za Marekani mwaka 2014, alikuwa na soksi nne na mlia mpana usoni, na jina lake lenyewe lilitokana na weupe huo. Mama yake alikuwa amenunuliwa kwa dola 8,000 tu. Hata hivyo bado nakutana na watu wazima, wenye uzoefu, wanaopunguza bei wakiona miguu minne myeupe, na nikiwa upande wa mnunuzi nawaacha wapunguze.

Kuna kitu kidogo kwenye soksi ambacho nakipenda sana. Pale nywele zinapokutana na ukwato, wakati mwingine pana vidoa vyeusi ndani ya weupe, vidogo kama mbegu za papai, na chini ya kila kidoa mstari mweusi hushuka ukwatoni mpaka chini. Ukwato mmoja unakuwa na milia miwili au mitatu. Havina thamani yoyote sokoni, lakini ni alama nzuri ya kumtambulia farasi, na nimeshuhudia vidoa hivyo vikimaliza ugomvi wa karatasi ambazo hazikulingana na mnyama aliyeletwa.

Si kila weupe ni wa kuzaliwa. Mzee aliyenifundisha kazi alinipeleka siku moja kumkagua farasi mweusi mwenye mabaka mawili meupe mgongoni, moja kila upande wa uti, pale pale tandiko linapokaa. Muuzaji aliyasifia kwa maneno mengi, akayaita alama adimu za ukoo. Mzee hakubishana. Aliomba sifongo na maji, akalowesha baka moja mpaka nywele zikalala, akazitenga kwa vidole. "Njoo utazame, mwanangu," akaniita. Ngozi chini ya nywele nyeupe ilikuwa nyeusi tii. Alama ya kuzaliwa kwa kawaida huwa na ngozi ya waridi chini yake, na ukiilowesha unauona mpaka kati ya ngozi mbili. Nywele nyeupe juu ya ngozi nyeusi, mahali pa tandiko, ni jeraha la zamani: tandiko lilikandamiza mpaka chembe zinazotia nywele rangi zikafa, na kila unywele unaoota hapo huota mweupe. Mzee akabonyeza kwa ncha za vidole kando ya uti. Farasi alinywea mgongo, akalaza masikio. Tukashukuru, tukaondoka.

Tangu siku hiyo sifongo haitoki mkobani mwangu. Inafaa pia pale muuzaji anapopaka rangi kuficha kovu kwenye mguu au kumfanya mweusi aliyechujuka aonekane mweusi tena. Na farasi weusi huchujuka. Wengi wakikaa juani na jasho likiwakaukia, hugeuka wekundu wa kutu mgongoni na kwenye singa, na mnunuzi aliyelipia weusi wa picha anashangaa. Anayetaka weusi ule abaki itabidi amfunike, amweke kivulini mchana na amsuuze jasho kila baada ya kazi. Hiyo ni saa ya mtu kila siku, na ni haki ihesabiwe kwenye bei.

Kazi ya weupe ni kubwa zaidi. Wakati wa mvua, miguu myeupe ndiyo inayopata vidonda vya matope kwanza, magamba yanayoota nyuma ya kifundo na kupasuka farasi anapotembea. Ngozi ya waridi haina rangi ya kuikinga na jua. Pua nyeupe huungua, hubabuka, na huhitaji kupakwa dawa ya kukinga jua kama ngozi ya mtoto. Kope za waridi nazo zina hatari yake, kwa kuwa saratani ya ngozi kuzunguka jicho huwapata zaidi farasi wasio na rangi hapo. Niliwahi kumtunza farasi jike mwenye uso mweupe aliyekula majani fulani malishoni, ngozi yake ikashindwa kustahimili jua. Aliungua usoni kote palipokuwa peupe, na moto ule ulifuata mpaka wa alama kwa usahihi wa kutisha. Kidole kimoja upande huu ngozi ilikuwa imevimba na kutoa maji, kidole kimoja upande ule ilikuwa nyeusi, laini, haina lolote. Nilikaa naye kivulini nikimpaka dawa, na nilielewa kwa mikono yangu kwamba weupe ni ngozi ya aina nyingine.

Farasi wa kijivu ndiye anayewachanganya wanunuzi kuliko wote, maana rangi wanayoinunua haidumu. Huzaliwa mweusi, mwekundu au wa kahawia. Nywele nyeupe huanza kuingia, mara nyingi kuzunguka macho kwanza, na mwaka hadi mwaka huongezeka. Katikati ya safari hiyo kuna kipindi ambacho mwili mzima hujaa miviringo ya fedha na kijivu cha moshi, na hapo ndipo watu humpenda mpaka wakasahau kuuliza umri. Bei yake ya juu kabisa, kwa upande wa sura, ni miaka hiyo michache. Baadaye anakuwa mweupe kabisa, au mweupe mwenye vinukta vyekundu. Farasi wa Lipizzaner wa shule maarufu ya kupanda farasi ya Vienna hupita njia hiyohiyo. Huzaliwa wa giza, na weupe ule ambao dunia inawajua nao huja kati ya mwaka wa sita na wa kumi. Wachache hubaki wa giza maisha yao yote, na kwa desturi shule hiyo huwa na mmoja wa namna hiyo kwa ajili ya bahati njema.

Mwaka 2008 watafiti walieleza chanzo cha ukijivu huo: kipande cha jeni iitwayo STX17 kimejirudia. Kipande hichohicho kinachoondoa rangi kwenye nywele huchochea uvimbe wa melanoma, yaani uvimbe wa chembe zinazotia rangi, kwenye ngozi. Inakadiriwa kwamba zaidi ya asilimia 70 ya farasi wa kijivu waliopita miaka 15 wanao. Mara nyingi uvimbe hukua polepole na farasi huendelea kufanya kazi kwa miaka, lakini ukikaa mahali pabaya humsumbua kujisaidia, kula au kuvaa hatamu. Kwa hiyo nikikagua farasi wa kijivu mwenye umri, nainua mkia kabla sijamtazama usoni. Natafuta vinundu vyeusi, vigumu, chini ya mkia na kuzunguka njia ya haja, kisha midomoni na nyuma ya taya. Muuzaji mwaminifu huwa ameshaniambia kabla sijainua.

Mama mmoja alinijia akitaka farasi wa miviringo ya fedha, kwa sababu alimwona mmoja akiwa mtoto na hakumsahau. Nilimtafutia. Kabla hajalipa nilimweleza yote: kwamba baada ya miaka michache miviringo itaondoka, kwamba atakuwa mweupe, kwamba kila mwaka daktari amtazame chini ya mkia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, na mimi nitakuwa na mvi. Tutazeeka pamoja." Alilipa bei kamili na sikuona sababu ya kumzuia. Alijua alichokuwa anakinunua.

Kuna sifa za farasi ambazo watu huzisoma vibaya kwa sababu ya rangi. Farasi jike mwekundu anadhaniwa mkali, na wapo wanaokataa hata kumtazama. Waliopita mikononi mwangu hawakuwa wakali kuliko wengine, na sijawahi kumshusha bei mmoja wao kwa uvumi huo. Upande wa pili, kuna utulivu unaouzwa ambao si utulivu. Niliitwa kumtazama farasi mwenye uso mweupe wote mpaka chini ya taya, macho ya buluu, miguu myeupe juu sana. Alisifiwa kwamba hashtushwi na kitu. Nikiwa nyuma yake, mahali asipoweza kuniona, niliangusha ndoo ya bati kwenye sakafu ya saruji. Farasi wa banda la jirani aliruka. Huyu hakugeuza hata sikio. Alikuwa kiziwi, jambo linalotokea kwa baadhi ya farasi wenye weupe wa namna hiyo, kwa sababu chembe zinazotia rangi zinahitajika pia ndani ya sikio. Kiziwi anaweza kuwa farasi mzuri sana kwa mtu anayejua, anayemkaribia kwa kuonekana na kumgusa taratibu. Ila mtoto anayejifunza anapaswa kuambiwa, na bei iseme hivyo.

Kwa farasi wa madoadoa, kama wale wa Appaloosa, jambo hili ni la ajabu zaidi. Aliyerithi jeni ya madoa kutoka kwa wazazi wote wawili mara nyingi huwa mweupe karibu mwili mzima, na madoa machache tu. Wafugaji humtafuta kwa bei nzuri kwa kuwa kila mtoto wake hurithi jeni hiyo. Lakini farasi huyohuyo haoni usiku. Macho yake ni mazima ukiyatazama, mchana anaruka vizuizi bila shida, na jua likizama anaanza kusitasita mlangoni mwa banda na kugonga ndoo. Anayempeleka kuzalisha analipia kitu cha kweli. Anayetaka kumpanda safari za alfajiri na jioni, akilipa bei ileile, ameuziwa upofu kwa nyongeza.

Sehemu kubwa ya bei ya rangi, kusema kweli, inatengenezwa na daftari la ukoo, yaani kanuni za kusajili kila aina ya farasi. Farasi wa Friesian anatakiwa awe mweusi, na weupe unaokubalika ni nyota ndogo tu. Wa Cleveland Bay ni wa kahawia, na yeye pia anaruhusiwa nyota ndogo. Wa Haflinger ni mwekundu mwenye singa za rangi ya kitani. Soksi nyeupe ambayo kwa farasi mmoja ingeongeza bei, kwa mwingine inamfungia mlango wa kusajiliwa. Chama cha American Quarter Horse Association, kilichoanzishwa mwaka 1940, kwa miaka mingi kiliwakataa watoto waliozaliwa na weupe uliozidi mipaka, hata kama baba na mama wote walikuwa wamesajiliwa humo. Mnyama alikuwa na damu ileile, misuli ileile, na hakuwa na karatasi. Wapenzi wa farasi wa mabaka wakaunda chama chao katika miaka ya 1960, ambacho leo ni American Paint Horse Association, na mabaka yaliyokuwa aibu yakawa ndiyo sababu ya kununua. Kanuni ile ya weupe ilifutwa mwaka 2004. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mteja rangi fulani ni ya thamani, namuuliza anataka kumsajili wapi na kushindana wapi. Bila jibu hilo siwezi kusema chochote cha maana kuhusu bei.

Kwenye mbio za kasi, rangi huhesabiwa kidogo sana siku ya mnada. Mwaka 2006 nchini Marekani farasi wa kahawia aliyeitwa The Green Monkey aliuzwa kwa dola milioni 16, baada ya kukimbia furlongi moja, yaani kama mita 200, kwa sekunde 9.8. Saa ndiyo iliyomuuza. Alikimbia mbio 3 na hakushinda hata moja. Rangi huja kuwa mali baada ya ushindi, kwa mashabiki. Sodashi wa Japani, mweupe tangu kuzaliwa, alishinda mbio za daraja la kwanza mwezi Desemba 2020, farasi mweupe wa kwanza wa damu ya Thoroughbred, ukoo wa farasi wa mbio, kufanya hivyo, na umati ulimpenda kwa namna ambayo farasi wa kahawia mwenye ushindi uleule angeipata kwa shida.

Uzazi ndio ulionifundisha kutochukulia rangi kama pambo. Mwenye farasi jike mmoja, ambaye nilikuwa namfanyia kazi, alitaka mtoto mwenye mabaka. Jike lake lilikuwa na mabaka meupe ubavuni, kingo zake zimechanikachanika, mgongo wake wote wa rangi. Akalipia dume lenye mabaka ya namna ileile, lenye sifa na picha nyingi. Miezi kumi na moja baadaye mtoto alizaliwa usiku, mweupe mwili mzima, macho ya buluu. Tulikuwa watu kadhaa bandani na kila mtu alifurahi. Alisimama, akanyonya. Mimi nilibaki nikisubiri kinyesi cha kwanza, kile cheusi kigumu ambacho mtoto wa farasi hukitoa saa chache baada ya kuzaliwa. Hakikutoka. Kabla ya mapambazuko tumbo lilikuwa limevimba, akawa anajilaza, anainuka, anageuka kuutazama ubavu wake. Daktari alipofika alimwangalia kutoka mlangoni, akauliza rangi ya baba na ya mama, na sura yake ikabadilika kabla hajamgusa. Utumbo wa mtoto yule haukuwa na neva za kuusukuma. Hakuna dawa wala upasuaji wa kumponya. Alichomwa sindano ya kumpumzisha akiwa kando ya mama yake, na mama yake aliita mpaka adhuhuri.

Jeni inayohusika inaitwa EDNRB, na mabadiliko yake yaliripotiwa mwaka 1998. Nakala moja inaleta mabaka yale mazuri ya ubavuni. Nakala mbili zinaua. Wazazi wawili wenye nakala moja kila mmoja wana uwezekano wa mtoto mmoja kati ya wanne kuzaliwa hivyo, kila wanapokutanishwa. Kinachohitajika kulizuia ni nywele chache za singa zilizong'olewa na mizizi yake na kupelekwa maabara. Na sura haitoshi kuamua, kwa sababu farasi anaweza kubeba nakala hiyo akiwa na mlia usoni tu. Mwenye nakala moja akikutanishwa na asiye nayo, mtoto wa namna ile hazaliwi. Siku hizi sikubali kuwa dalali wa mbegu ya dume la mabaka bila karatasi ya kipimo mkononi, na mwenye dume akinuna, namwachia dume lake.

Rangi ya dhahabu ina hesabu nyepesi kuliko hiyo, lakini watu hulipa fedha nyingi bila kuifanya. Palomino, mwenye mwili wa dhahabu na singa nyeupe, ni farasi mwekundu aliyebeba nakala moja ya jeni ya krimu. Ukikutanisha palomino wawili, nusu ya watoto kwa wastani watakuwa palomino, robo watakuwa wekundu wa kawaida, na robo watakuwa kremelo, wa rangi ya maziwa na macho ya buluu. Anayetaka dhahabu kila mara amkutanishe kremelo na mwekundu. Watoto wote watakuwa palomino. Ndiyo maana dume la kremelo, ambalo zamani baadhi ya vyama vilikataa hata kulisajili, leo lina wateja wake.

Hesabu hiyo ndiyo inayonisaidia mezani na muuzaji. Palomino dume au jike anauza rangi yake na uwezekano wa rangi kwa watoto, na hayo ni mambo mawili yenye bei mbili. Aliyehasiwa ana moja tu. Bado naletewa palomino aliyehasiwa kwa bei ya farasi wa kuzalisha, pamoja na maelezo marefu kuhusu baba yake na jeni ya krimu. Nayasikiliza kwa heshima, kisha naomba bei ya uzazi tuifute kwenye mazungumzo, ili tuzungumzie mgongo wake, miguu yake, na dhahabu ya mnyama huyu mmoja aliyesimama mbele yetu.